Dishi la Mzee Phiri, Ngoliba

Ninyi vijana mnaofunga madishi siku hizi, kazi yenu yote mnaibeba kwa mkono mmoja. Nawaona hapa Kiuu mkipita na pikipiki, dishi limefungwa nyuma kama ungo wa kupepetea maharagwe, na simu mfukoni inawaambia mwelekeze wapi. Sina ugomvi nanyi. Ningekuwa na simu ya namna hiyo enzi zangu, magoti haya yangekuwa bado mapya.

Juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli zamani kulikuwa na madishi makubwa hata mtu angeweza kulala ndani. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimelala ndani ya moja, mchana, nikingoja jua lipungue, na mwenye nyumba akaniletea chai humo humo. Yalikuwa ya wavu wa chuma, yanakaa nyuma ya nyumba juu ya nguzo iliyozikwa kwa simiti, na kulibeba moja kulihitaji wanaume wanne na mimi nikiwatukana. Ndiyo maana Thika na Ruiru nzima waliniita Mama Dishi, ingawa jina langu ni Mama Muthoni na hilo ndilo ninalolipenda.

Kazi nilifundishwa na Fundi Rashidi wa Majengo, Thika. Alianza na redio, akahamia televisheni, na madishi yalipokuja akayasoma peke yake, kwa kukosea. Hakuona ajabu kufundisha mwanamke. Alichoona ajabu ni mtu kupanda juu kabla ya kuangalia chini. "Watu wote wanatazama dishi," alikuwa akisema. "Wewe tazama nguzo. Nguzo ikiinama kidogo tu, kila pembe utakayopima juu yake ni uongo."

Kuna mteja mmoja wa Ruiru aliyetusumbua sana. Picha yake ilipotea kila jioni, taarifa ya habari ikianza. Tulibadilisha waya, tukabadilisha kichwa cha mbele ya dishi, hakuna kitu. Siku ya tatu Rashidi akakataa kugusa chochote. Akaomba kiti, akakaa uani na kikombe chake. Jioni ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Mmoja, mweusi mwenye pembe fupi, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya dishi na kuanza kujikuna shingo. Ndani ya nyumba watu wakapiga kelele, "Imeenda tena!" Rashidi akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, mtambo wako ni mzima. Ng'ombe wako ndiye hapendi habari."

Lakini leo nataka kuwaambia habari ya dishi la Mzee Phiri. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na niliifanya nikiwa nimeshastaafu.

Mzee Phiri alitoka Malawi akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya upande ule wa Ngoliba. Akaoa Mkikuyu, akajenga, akapata Njeri na Kamau. Kikuyu alikiongea mpaka methali. Watoto hakuwafundisha lugha yake. Aliniambia siku moja, "Mama Muthoni, wangeiongea na nani? Na mkonge?" Mkewe alikufa wale watoto wakiwa watu wazima. Alipomaliza kazi shambani, kitu alichotaka kwa pesa yake ya kustaafu kilikuwa kimoja: aone televisheni ya taifa ya kwao. Mawimbi yale hayashikwi na dishi dogo. Tukamfungia kubwa, mimi na Rashidi, nyuma ya nyumba karibu na sukuma wiki.

Siku picha ilipotokea, tuliona barabara ya vumbi na wanawake wamebeba mizigo kichwani. Mzee alivua kofia. "Ile barabara naijua," alisema. Sijui kama ni kweli aliijua. Rashidi alinikonyeza ninyamaze.

Miaka ikapita. Rashidi alifariki, Mungu amrehemu. Mimi nikaacha kupanda paa. Halafu asubuhi moja, baada ya mvua kubwa ya upepo iliyong'oa mabati mpaka huku kwetu, Njeri akanipigia simu.

"Mama Muthoni, dishi la baba limeanguka."

"Limemwangukia mtu?"

"Hapana. Limeangukia mboga."

"Basi ni nafuu. Lakini mimi nimestaafu, mama. Nitakupa namba ya kijana mzuri."

Njeri akakataa. "Vijana nimewapigia. Wote wanasema tununue dogo." Halafu akaongeza, "Baba alipigwa na kiharusi mwaka jana. Alipozinduka hospitalini, Kiswahili hakikuwepo. Kikuyu hakikuwepo. Kilichobaki ni lugha ya kwao tu. Daktari alisema hutokea, inaweza kurudi, inaweza isirudi. Sisi hatumwelewi, naye hatuelewi. Ile TV ndiyo pekee inayoongea naye. Tangu dishi lianguke, chakula anakisukuma."

Nilimwambia nakuja. Ni nini kingine ningesema?

Kamau alinipokea barabarani kwa pikipiki. Namjua tangu akiwa kijana, sasa ni baba wa watoto wawili, analima nyanya kule chini kwa mto. Njia nzima aliendesha polepole, kama asiyetaka tufike. Tulipofika uani nikaelewa. Dishi lilikuwa limelala kifudifudi juu ya sukuma wiki, na nati mbili za nguzoni zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, si kwa upepo.

"Kuna mtu wa vyuma vikuukuu anakuja kesho," Kamau alisema bila kuniangalia. "Lilipoanguka, nikaanza kufungua vilivyobaki nguzoni."

"Njeri anajua?"

"Atajua." Akapiga ukingo wa dishi kwa kiatu, polepole. "Mama Muthoni, wewe hujui. Nikiingia asubuhi, nasema, baba, umeamkaje? Ananiangalia kama mtu wa kusoma mita. Halafu mtu wa kwenye TV anasema neno moja, na baba anacheka. Anamjibu! Mtu asiyemjua! Mimi ambaye namwogesha, hapana. Sasa nikarekebishe hiyo kitu ili iendelee kumchukua?"

Nilimwuliza tu kama wamejaribu simu. Walijaribu, alisema. Mtandao wa pale ulikuwa unakwamakwama, mtangazaji anabaki amefungua mdomo, na mzee alikuwa akiisukuma simu kando. Alitaka televisheni yake, kwenye kiti chake, dirishani.

Naye alikuwepo dirishani wakati ule ule. Amekonda, mkono mmoja umelala pajani, macho yakiwa kwenye dishi. Akawa anarudia neno moja, kwa sauti ya kukwaruza: "Mphepo. Mphepo."

"Amekuwa akisema hivyo tangu mvua ile," Kamau alisema. "Tunafikiri ni jina la mtu. Njeri anasema labda ni dada yake."

"Sema tena kama yeye."

"Mphepo."

"Polepole."

"Mphe-po." Akaacha mdomo wazi. "Upepo?"

"Nafikiri anawaambia kilichoangusha dishi lake."

Kamau aligeuka akamtazama baba yake muda mrefu. Kisha akaokota spana. "Tunaanza wapi?" akauliza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Dhoruba ikiangusha dishi kubwa, usikimbilie kulirudisha juu. Anza na nguzo. Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikaliacha lining'inie kando ya nguzo, nikaangalia upande huu na upande ule. Ilikuwa imeinamia magharibi, kidogo sana, jicho tupu lisingeona. Udongo wa Ngoliba ukikauka hupasuka, ukilowa hulainika, na simiti inacheza ndani yake kama jino la mtoto. Tukaichimbua, tukainyoosha, tukashindilia mawe na kokoto, tukamwaga simiti mpya. Hapo unangoja ikauke. Vijana hawapendi kungoja. Nililala kwa Njeri.

Ile siku ya kungoja tukalichunguza dishi lenyewe. Wavu ulikuwa umetoboka sehemu chache, hiyo si kitu, waya mwembamba unashona. Kinachoua dishi ni kujipinda. Litakaa vizuri machoni, lakini mawimbi yakifika yanatawanyika badala ya kukutana mahali pamoja. Namna ya kujua alinifundisha Rashidi, na haihitaji mashine. Vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, upitie katikati. Vuta mwingine uukate wa kwanza. Nyuzi zikigusana pale katikati, dishi ni zima. Zikiachana, limejipinda. Zetu ziliachana, kidole kingepita.

"Hapo imeisha?" Kamau aliuliza.

"Hapo ndipo inaanza."

Tukaliegemeza, tukafunga kamba upande uliochomoza, tukaikaza kwa kipande cha mti huku nikigonga mbavu zake kwa gogo lililofungwa gunia. Gonga, pima. Gonga, pima. Usitumie nyundo ya chuma, utatengeneza kasoro mpya ukiondoa ya zamani. Kamau alikuwa na mkono mzito mwanzoni, halafu akatulia. Jioni nyuzi zikagusana. Alizishika kwa kidole kama hataki kuamini.

Mguu mmoja wa chuma unaoshikilia kichwa ulikuwa umevunjika. Nakumbusha, kichwa ni kile kidude kinachokaa mbele ya dishi na kukusanya mawimbi. Kikisogea mbele au nyuma kidogo tu, umepoteza. Fundi wa kulehemu pale sokoni alituunganishia mguu, tukaulinganisha na ile mingine miwili. Waya nao nilikata mwisho wake: ndani shaba ilikuwa nyeusi kama majani ya chai yaliyokaa. Maji yalikuwa yameingia. Msiwe mnafunika kiungo kwa karatasi ya nailoni na kujiita mafundi. Na uacheni waya ufanye tumbo chini ya kiungo, maji yadondokee hapo badala ya kuingia.

Nikatazama na miti. Rashidi aliwahi kufunga dishi zuri sana Thika wakati wa kiangazi, mbele yake kuna jakaranda isiyo na jani hata moja. Mvua ziliponyesha, mti ukavaa, picha ikafa. Alikuwa akiisimulia hiyo yeye mwenyewe akicheka. Pale kwa Mzee Phiri kulikuwa na mti wa mgrevilea uliokua tangu tulipofunga, ukiziba upande wa mashariki tunakoelekea. Kamau akaupunguza matawi.

Siku iliyofuata, simiti ikiwa imeshika, tuliita majirani, tukalipandisha. Njeri akakaa ndani mbele ya televisheni. Nilimwambia asome kwenye kioo mstari wa chini, wa ubora wa mawimbi, asiangalie wa juu, wa nguvu yao. Hata ninyi mnakosea hapo. Kule Kamakis niliwahi kuwa juu ya paa la hoteli ya nyama choma, moshi unanitoa machozi, na chini mwenye hoteli anapiga kelele, "Nguvu iko juu kabisa, mbona mpira hakuna?" Wateja wake wakinielekeza kwa mifupa. Nguvu inaweza kujaa na ukawa unatazama setilaiti ya watu wengine kabisa. Ubora ndio unaosema umefika.

Nilikaa nyuma nikishikilia spana kwenye skrubu ya kuinua na kushusha. Kamau alikuwa pembeni, mabega kwenye ukingo, akisukuma kwenda mashariki. Nilimwambia asukume kwa upana wa ukucha, kisha asimame apumue, maana mtambo unachelewa kujibu.

"Bado!" Njeri alisema ndani.

Ukucha.

"Bado!"

Nikainua kidogo. Tukarudi kulia. Jua lilikuwa limeanza kutuuma. Majirani walioshangilia kupandisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

"Bado. Ngoja... kuna kitu. Imepotea."

"Rudi ulikotoka," nilimwambia Kamau. "Kama unamsukuma mtoto mchanga."

Akasukuma. Na kabla Njeri hajasema chochote, sauti ya mwanamume ikatoka dirishani, ya kukwaruza lakini kubwa:

"Basi!"

Kamau akaganda. "Nani huyo?"

"Ni baba!" Njeri alikuwa akilia na kucheka. "Kamau, picha iko! Ni baba amesema!"

"Amesema basi. Mama Muthoni, umesikia? Amesema basi! Kiswahili kimerudi!" Akaliachilia dishi, akakimbia ndani.

Sikuwa nimekaza hata nati moja. Dishi likageuka taratibu kama mtu anayekataa chakula, na ndani nikasikia Njeri, "Imeenda!" Halafu nikasikia Mzee Phiri. Maneno yalimtoka mfululizo, ya lugha yake, na hasira ile haikuhitaji mkalimani. Nilichungulia dirishani. Kamau alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, ameshika mkono wa baba yake. "Baba, si umesema basi? Sema tena. Sema, Kamau." Mzee akamtazama, akaonyesha dishi kwa mkono wake mzima, akaendelea kufoka.

Neno lile, nilikuja kuambiwa baadaye, liko katika lugha yao pia, na maana ni ile ile. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa kimerudi. Kamau alielewa hivyo pale pale, bila kuambiwa. Nilimwona mabega yakishuka. Nikarudi kulishika dishi bila kumwita.

Ni yeye aliyeinuka. Alipofika uani alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa shati, na alikuwa anacheka kwa namna ya mtu aliyepigwa kofi.

"Amenitukana, Mama Muthoni."

"Amekutukana sana."

"Tangu augue hajawahi kunitukana. Ananiangaliaga tu." Akaweka bega kwenye ukingo. "Ngai, Mungu wangu, leo amejua ni mimi nimeachilia."

Tulisukuma tena. "Basi!" ilipokuja mara ya pili, Kamau hakusogea hata unywele. Nilikaza nati moja baada ya nyingine, kila moja kidogo, nikizunguka, maana ukiimaliza moja kabisa kabla ya zingine inalivuta dishi upande wake. Nilipomaliza nilimwambia aachilie. Hakuachilia mpaka nimwambie mara mbili.

Mzee alikula siku hiyo. Kamau alimpelekea sahani, akakaa naye kwenye taarifa ya habari, na nikiwa nafunga mkoba wangu nikamsikia akiuliza hewani, "Mvula. Hiyo si ni mvua?" Akaendelea kukaa.

Dishi kubwa lililoinuliwa upya lazima ulirudie. Simiti inakaa, nati zinalegea, upepo unalijaribu. Kwa hiyo baada ya majuma kadhaa nilirudi Ngoliba na spana zangu. Njeri alinipokea langoni akaomba msamaha kabla ya salamu. Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi, transfoma imekufa tena, nisingeweza kupima picha.

Nikasema kukaza tu hakuhitaji stima. Lakini moyoni nilihofu. Nilijua televisheni imezimika na mzee yuko kwenye kiti chake bila sauti yoyote.

Tulipozunguka nyuma nikasikia watu wawili wakiongea dirishani. Mmoja alikuwa na sauti ya kukwaruza. Mwingine alikuwa akienda polepole, neno, kimya, neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sikuelewa walichosema.

"Mna mgeni kutoka kwao?" nilimwuliza Njeri.

Akatikisa kichwa. "Ni Kamau. Anakaa mbele ya ile TV kila siku akitoka shamba. Mengine anamwuliza mama mmoja wa Malawi anayeuza nguo Thika. Baba anamcheka, maana anaongea vibaya kabisa."

Ndani mzee alikuwa akirudia neno fulani kwa ukali, kama mwalimu. Kamau akalirudia. Mzee akakataa. Kamau akalirudia tena, na safari hii mzee akasema kitu kifupi, kwa sauti ya chini, "Mwana wanga."

Hicho hata mimi nilikielewa: mwanangu. Niliweka mkoba chini taratibu, nikakaza nati kwa mkono mwepesi, spana isije ikalia.